Saa ya Mto

"Usinisogelee! Nimesema usinisogelee, mwizi mkubwa wewe!"

"Mwizi nani? Rudia, Shangazi. Rudia hapa hapa mbele ya afande. Mkufu nilikupa mkononi, ukaniambia, 'Asante mwanangu, hebu nikae nao mimi.' Leo hunijui?"

"Nikushukuru kwa lipi? Wewe unaupiga picha huo mkufu, mimi niko chini gatini na ukoo mzima! Kamera yako mwenyewe imekuumbua!"

"Kamera haina mdomo!"

"Ingekuwa nao ingekutemea mate!"

Mpiga picha aliinuka kitini, pingu zikalia mikononi mwake. Koplo akamshika bega. Shangazi wa bibi harusi akarudi nyuma hatua mbili, amekumbatia mkoba wake mkubwa kama mtu aliyebeba mtoto kwenye mvua.

Inspekta hakupaza sauti. Alivuta futi yake ya chuma kutoka kwenye kasha lake, urefu wa mkono mzima, halafu akaiachia. Ikarudi ndani kwa mlio mmoja mkavu, na jumba lote likaujibu, nguzo kwa nguzo, mpaka juu kabisa kwenye mapaa. Wote wakanyamaza. Kwa ajili ya futi hiyo, kituoni walimwita Bi Futi, ila nyuma ya mgongo wake.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Kama bado, semeni sasa. Gari linakuja saa kumi, na saa hizi ni tisa na robo."



Walikuwa wamesimama katikati ya Jumba la Pampu. Zamani, jiji zima lilikunywa maji yaliyopita hapa. Sasa watu huja kufungia ndoa. Nguzo za chuma zilisimama safu mbili, kila moja imechongwa majani hadi kileleni, kana kwamba aliyeijenga alitaka maji yasukumwe msituni. Mwishoni mwa ukumbi liliketi gurudumu la mashine, kubwa kuliko nyumba ya ghorofa moja, limepakwa mafuta likang'aa. Chini ya sakafu mto ulipita, na ukisimama kimya uliusikia ukiongea nyayoni. Inspekta alikuwa amepima vyumba vingi katika kazi yake, vingi vya aibu na vichache vya damu. Lakini tangu asubuhi alikuwa ameinua uso kutazama juu mara tatu, na Koplo alikuwa amezihesabu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jana palikuwa na harusi. Bibi harusi alikuwa na mkufu wa dhahabu, mkufu wa marehemu bibi yake, ambao angeuvaa jioni akibadilisha gauni. Mchana mpiga picha aliuchukua kuupiga picha kwenye chumba cha juu, kama wapiga picha wote wafanyavyo, pete na viatu na kila kinachong'aa. Ilipofika saa kumi na moja na nusu, kisanduku chekundu cha mkufu kilifunguliwa kikakutwa kitupu. Milango ikafungwa. Wageni walipekuliwa mmoja mmoja wakitoka, mpaka kofia na soli za viatu. Koplo alidhani umetupwa dirishani, akawaleta wapiga mbizi. Walipapasa tope la mto tangu alfajiri, wakatoka na kijiko na kiatu cha mguu wa kushoto.

Zikabaki kamera mbili za mpiga picha, kubwa na ndogo. Picha ya mwisho ya mkufu ilipigwa kwa kamera ndogo, na kwenye kadi ilionyesha saa kumi na dakika arobaini. Mpiga picha anadai alimrudishia Shangazi mkufu kabla ya saa kumi. Kamera yake inasema saa kumi na dakika arobaini bado alikuwa nao. Na Shangazi, saa kumi na dakika thelathini na nane, alikuwa gatini kando ya mto, katikati ya ukoo. Picha ya kamera kubwa inamwonyesha meno yote nje.

"Afande," bibi harusi alisema. Hakuwa amelala, na wanja wa jana ulikuwa umemshukia mashavuni. "Mimi sitaki kumfunga mtu. Nataka kitu cha bibi yangu tu."

"Mimi Jumamosi nina harusi nyingine," mpiga picha alisema kwa sauti ya chini. "Nikipanda gari hilo na pingu, nani ataniruhusu tena niingie chumba cha bibi harusi? Nani ataniachia hata kipuli? Miaka kumi na minne, afande. Kazi yangu inakufa saa kumi."

"Kaa chini," Inspekta alimwambia. "Ukisimama hufiki popote. Nijibu. Jana ulipiga na nani?"

"Peke yangu. Msaidizi sina."

"Kamera kubwa iliwahi kushikwa na mtu mwingine?"

"Hata mume wangu haigusi."

Inspekta akafungua daftari. "Mimi na Koplo tumepanda kutoka gatini mpaka chumba cha juu mara mbili. Ngazi tisini na nne. Mara ya kwanza dakika sita, mara ya pili dakika saba, Koplo akiwa hoi."

"Goti, afande," Koplo alisema.

"Tumbo," Inspekta alisema. "Sasa nisikilizeni. Saa kumi na dakika thelathini na nane Shangazi yuko gatini anapigwa picha. Sote tuliangalia aliyemo pichani. Hakuna aliyeuliza nani kashika kamera." Akamwelekeza kalamu mpiga picha. "Huyu ndiye aliyeishika. Halafu dakika mbili baadaye yuko ghorofani anapiga mkufu. Aliruka?"

Koplo alizitazama zile ngazi.

"Kamera moja inadanganya saa," Inspekta alisema. "Ipi?"

"Si uangalie saa zao?" Shangazi aliuliza haraka.

"Ningeangalia. Lakini Koplo wetu, kwa bidii yake, jana alitoa betri kabla ya kuzifunga kwenye mifuko. Kubwa bado inakumbuka saa yake, na iko sawa. Ndogo ni ya zamani. Ukiitoa betri inasahau mpaka mwaka. Nimeiwasha asubuhi, inasema sifuri sifuri."

Koplo alitazama viatu vyake.

"Basi huna kitu," Shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza akaketi. "Labda hiyo kubwa ilikosea jana ikajirekebisha. Mashine ni mashine."

"Labda," Inspekta alisema. "Wewe mama, leo umefika saa ngapi?"

"Saa tano."

"Nilikuita saa tisa."

"Nilisahau mtandio chumba cha juu. Huyu mzee akaninyima ufunguo."

Mzee mwenyewe alikuwa nyuma ya nguzo akifuta chuma kwa kitambaa, ingawa chuma kile kilikuwa safi. Alilitunza jumba hili tangu mashine zilipokuwa zikizunguka, na kila mtu alimwita Babu Grisi. "Sikumnyima kwa ubaya," alisema. "Afande aliniambia mlango usifunguliwe, hata aje mwenye mto wake."

"Njoo, Babu. Tunapanda."

"Ngojeni kwanza niwaonyeshe kitu, maana wageni wote hukipenda." Babu Grisi aliwapeleka ukutani, kwenye mdomo wa shaba uliofanana na tarumbeta, wenye kifuniko. "Bomba la kusemea. Injinia akiwa juu anatoa amri, fundi anaisikia hapa chini, na hapo mashine inanguruma. Jana asubuhi bibi harusi alilijaribu, akacheka mpaka akalia. Koplo, tangulia juu, fungua kifuniko, useme lolote."

Koplo akapanda na ufunguo, akiugulia goti. Walisubiri. Babu Grisi akatega sikio bombani, uso ukamkunjika.

"Anaongea?"

"Anaongea kama mtu aliyefunikwa mto usoni. Ajabu. Jana lilikuwa linasema vizuri." Akaligonga kwa kidole. "Nyigu hao. Wakipata tundu wanajenga."

"Nyigu," Inspekta alisema, akaandika.

Wakapanda.

Chumba cha juu zamani kilikuwa ofisi ya injinia. Kilikuwa na madirisha matatu marefu yaliyotazama mto, dari nyeupe iliyopinda kama kiganja, meza, na ukutani mdomo mwingine wa shaba. Juu ya meza kililala kioo cha mviringo kisicho na fremu. Hewa ilikuwa bado inanukia manukato na nywele zilizopigwa pasi. Saa ya Inspekta ilionyesha tisa na dakika ishirini na tano.

Alitoa picha ya mkufu, iliyochapishwa kubwa, akaiweka kando ya kioo. "Nieleze ulivyofanya."

"Huwa nalaza dhahabu juu ya kioo," mpiga picha alisema. Sauti yake ilibadilika alipoanza kuongea kazi. "Nikiinama hivi, chini ya mkufu kinaonekana kilicho juu. Dari. Unaona? Dhahabu inakuwa kama inaelea."

Inspekta aliinama. Pichani mkufu ulielea kweli. Lakini chini yake hapakuwa na dari nyeupe. Palikuwa na nyuzi za mwanga, mamia, zimesukana na kuachana kama wavu uliotupwa majini. Akatazama kioo cha mezani. Kilionyesha dari tupu, ya kijivu, bila chochote.

"Hizi nyuzi umezitengeneza kwenye kompyuta?"

"Kadi mlichukua jana ile ile, afande. Ningetengeneza saa ngapi? Nilizikuta. Nilipoziona nilisahau hata kupumua."

"Huo ni mto," Babu Grisi alisema mlangoni. Sasa hakuwa akifuta kitu. "Majira haya jua likishuka kidogo, linapiga maji, maji yanarusha mwanga juu. Mwanga unaanza tisa na nusu. Saa kumi jua linajificha nyuma ya lile bomba la moshi, basi, kwisha mpaka kesho. Mainjinia walikunywa chai yao kwa mwanga huo. Hawakuhitaji saa ukutani. Walisema mto haujawahi kuchelewa."

Inspekta alikwenda dirishani. Bomba la moshi la matofali lilisimama upande wa chini wa mto, na kivuli chake kilikuwa kimelala majini, kikisogea. "Tutasubiri," alisema.

"Tusubiri nini?" Shangazi aliuliza. "Tumeacha kazi zetu kuja kutazama dari?"

"Ndiyo, mama. Dari. Kaa."

Walisubiri. Bibi harusi alisimama kando ya kioo. Koplo alikuna goti. Mto ulisikika chini, mbali, kama watu wengi wakiongea chumba cha pili.

Kwanza lilikuja doa moja, dogo kama shilingi, kwenye kona ya dari. Likatetemeka. Likawa mawili. Halafu, bila mlio wowote, dari yote ikawaka. Mwanga ulitiririka juu ya vichwa vyao, dhahabu juu ya nyeupe, ukipasuka na kuungana, ukishuka kutani hadi usawa wa mabega na kurudi juu tena. Mto mzima ulikuwa umepanda ghorofani, ukapita darini bila kumwaga tone. Koplo alivua kofia, na hakuna aliyemwambia aivue. Bibi harusi aliziba mdomo. Mpiga picha aliinua mikono yote miwili usawa wa jicho, pingu na vyote, kisha akakumbuka kwamba hana kamera, akaishusha.

"Miaka arobaini na moja," Babu Grisi alinong'ona. "Sijauzoea."

Inspekta naye alitazama. Alitazama zaidi ya kazi ilivyomtaka. Alipoinamisha macho, akaona jambo dogo. Watu wanne walikuwa wameinua nyuso juu kama vifaranga. Wa tano, Shangazi, alikuwa akitazama ukutani, kwenye kifuniko cha shaba.

Inspekta alitazama kioo cha mezani. Kilikuwa kimejaa nyuzi. Akaweka picha kando yake. Zililingana, uzi kwa uzi.

"Andika, Koplo. Tisa na dakika thelathini na moja, mwanga umeingia. Dada, kabla ya harusi hii ulipiga wapi?"

"Nchi jirani. Wiki iliyopita."

"Saa zao zikoje?"

"Wako mbele yetu saa moja. Nikifika huko nabadilisha kamera zote, nikirudi..." Mpiga picha alihesabu kwa vidole. Midomo yake ikacheza bila sauti. "Nikirudi nazirudisha zote mbili, mezani kwangu, siku hiyo hiyo. Lakini ndogo sikurudi nayo nyumbani. Niliipitisha kwa fundi, ilikuwa imeingia vumbi. Nimeichukua jana asubuhi nikija huku." Akajipiga kipaji cha uso kwa mikono iliyofungwa. "Mungu wangu! Saa moja mbele! Jinga mimi!"

"Kwa hiyo saa kumi na dakika arobaini ni saa ngapi?"

"Tisa na dakika arobaini."

"Tisa na dakika arobaini. Mwanga ukiwa darini, kama sasa. Na saa nzima kabla watu hawajashuka gatini." Inspekta alitoa picha ya pili kwenye faili. "Hii ni ya kamera kubwa, tisa na dakika arobaini na tatu. Bibi harusi anafunga kiatu. Nyuma yake meza, na kioo kitupu. Shangazi kasimama hapo na kisanduku chekundu, kimefungwa. Jana picha hii haikutusumbua, maana tuliamini mkufu ulipigwa picha saa nzima baadaye. Kumbe ulikuwa umepigwa dakika tatu kabla. Mama, ndani ya kisanduku mlikuwa na nini?"

Mwanga ulimpita Shangazi usoni, ukaenda, ukarudi.

"Nilikuwa nakipanga tu," alisema mwishowe. "Kilikuwa kitupu."

"Na nani alibaki chumbani wengine walipotoka?"

"Ni wewe, Shangazi," bibi harusi alisema polepole. "Ulisema unabaki kukunja gauni langu."

Inspekta alikuwa ameshafika ukutani. Alifungua kifuniko cha shaba, akaingiza futi yake. Ilikwenda kiasi cha kiganja, ikagota kitu laini. "Hawa nyigu wako, Babu, wanajengea kitambaa. Una waya?"

Babu Grisi alikuwa nao kiunoni, ule wenye ndoana wa kusafishia mabomba. Aliuingiza, akauzungusha, akavuta. Ikatoka leso ya mezani, ya harusi ya jana, imefungwa fundo. Inspekta alivaa glavu akaifungua juu ya kioo.

Mkufu uliteleza nje. Ulipogusa kioo, chini yake mto ukawa unapita.

Bibi harusi alitoa sauti ndogo, kama ya mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Shangazi," alisema. "Si ungeniomba?"

"Nikuombe?" Shangazi aligeuka, na sauti yake haikuwa tena ile ya ugomvi. "Nimemuuguza miaka sita. Nimemgeuza kitandani, nimemkata kucha. Wewe ulikuwa unakuja sikukuu na keki. Siku ya mwisho anauvua shingoni, anasema, 'Mpelekeeni mjukuu wangu.' Mimi nimesimama pale pale na beseni mkononi. Alikuwa mama yangu kabla hajawa bibi yako!"

Bibi harusi alianza kulia kimya kimya. Mpiga picha alitazama pembeni. Chini, kwenye changarawe, honi ya gari ililia mara mbili.

"Hilo ni gari, afande," Koplo alisema. "Mkuu wa kituo alisema mpiga picha awe tayari saa kumi."

Inspekta alimgeukia Shangazi. "Beseni nalijua, mama," alisema. "Mimi pia nimemuuguza wangu. Lakini hukuchukua mkufu tu. Umelala usingizi jana huku ukijua mwenzako yuko mahabusu kwa mkono wako. Leo umekuja asubuhi na mkoba kuufuata, na ungemwacha apande gari." Akanyoosha kiganja. "Koplo. Ufunguo."

Alizifungua pingu mikononi mwa mpiga picha, moja, ya pili. Akapiga hatua tatu, akazifunga mikononi mwa Shangazi. Mkoba mkubwa ukaanguka sakafuni. Ulikuwa mtupu.

"Shuka ukamwambie dereva asubiri," alimwambia Koplo. "Mwambie abiria amebadilika. Na umpigie Mkuu mwenyewe, kwa simu yako."

"Kwa simu yangu, afande?"

"Nani alitoa betri?"

Koplo alishuka, na safari hii goti halikumuuma.

Mpiga picha alikuwa akisugua vifundo vya mikono, akitazama kioo, dhahabu na dari, vyote kwa zamu. Inspekta alifungua mfuko wa ushahidi, akatoa kamera ndogo na betri yake, akamkabidhi.

"Kabla sijaufunga kwenye mfuko nataka picha yake. Kama ulivyoupiga jana, hapo hapo ulipo. Ya kwenye faili."

Mpiga picha alipachika betri. Aliinama juu ya kioo, akaleta jicho kwenye kamera. Nje, kivuli cha bomba la moshi kilikuwa kimebakiza ukanda mmoja wa maji unaong'aa.

"Ngoja," Inspekta alisema, akamnyooshea mkono wenye saa. "Weka saa kwanza."

Mpiga picha aliisoma saa ile, akabonyeza, akabonyeza tena. Halafu akapiga. Mwanga ulicheza darini mara moja zaidi, ukajikusanya kwenye kona ulikoanzia, ukazimika.

Inspekta akaandika kwenye daftari: saa kumi kamili.